Mshahara 18,000, sina historia ya mkopo: nitapata wapi 40,000 bila kunyongwa na riba?

Mja_wa_Likoni

Salaam jamani. Nauliza kwa wanaojua mambo ya mikopo. Nimeajiriwa dukani hapa Mombasa, mshahara 18,000 kabla ya makato, na unapitia benki. Mkataba ni wa mwaka mmoja, umebaki miezi tisa. Nataka 40,000 za amana na kodi ya kuhamia nyumba nyingine, na nina kama miezi mitatu ya kujipanga. Benki nimeambiwa sina historia ya mkopo. Kwenye simu nafuliza mara kwa mara (M-Pesa inanikopesha salio likiisha), na Hustler Fund, ule mkopo wa serikali wa simu, kikomo changu ni 1,500. Sina gari wala shamba, ni vyombo vya nyumbani tu. Kuna kampuni inanipa 40,000 kwa "riba 5% tu", miezi sita. Nichukue, au nitafute SACCO (chama cha akiba na mikopo)?

karani_mikopo

Dada, anza na hesabu ya mshahara, maana ndiyo anayoanza nayo afisa wa mikopo. Kwa 18,000 unakatwa NSSF ya pensheni 6% (1,080), SHA ya bima ya afya 2.75% (495) na ushuru wa nyumba 1.5% (270). Kodi ya mapato hufikii. Mkononi zinabaki 16,155. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi mbili yako ni 12,000, ukitoa makato ya serikali inabaki 10,155. Hapo ndipo mwisho wa sheria, lakini hakuna afisa mwenye akili atakayekupeleka huko. Wengi hawapendi rejesho lipite theluthi moja ya kinachobaki mkononi, kwako kama 5,400.

Kumbe basi mshahara wako si tatizo la kwanza. Tatizo ni mkataba. Mkopo wa mshahara hupangwa uishe kabla ya mkataba kuisha, kwa hiyo hata ukikopa leo una miezi minane ya kulipa, si kumi na miwili. 40,000 gawanya kwa 8 ni 5,000 kabla ya riba. Uko ukingoni kabisa. Ukipata barua ya mwajiri inayosema mkataba utaongezwa, muda unarefuka na rejesho linashuka. Iwe kwenye karatasi ya kampuni, na muhuri, jina na cheo cha aliyesaini, tarehe uliyoajiriwa na mshahara wako. Barua isiyo na tarehe ya kuajiriwa hurudishwa.

La pili ni stetimenti ya M-Pesa. Utaombwa ya miezi sita, unaipata kwa *334# au kwenye apu, inakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri. Afisa hasomi kila mstari. Anatazama pesa zinazoingia na kama zinaingia tarehe zinazofanana, kisha paybill (nambari za kulipia kampuni) za kubeti, kisha umefuliza mara ngapi, kisha paybill za kampuni nyingine za mikopo. Kufuliza mara moja moja hakumtishi mtu. Kufuliza siku mbili baada ya mshahara kuingia, kila mwezi, kunamwambia kwamba mshahara unafika umeshaliwa, maana Fuliza inajikata yenyewe pesa yoyote ikiingia. Hiyo miezi mitatu uliyo nayo itumie hapo: lipa Fuliza yote siku ya mshahara na usiiguse tena mpaka uombe mkopo. Ukiwa huna nidhamu nayo, jitoe kabisa kwenye huduma.

Na usiombe sehemu tano kwa wiki moja ukijaribu bahati. Kila anayekagua jina lako CRB (kampuni zinazoweka rekodi za mikopo ya watu) anaacha alama, na maombi mengi ya karibu karibu yanasomeka kama mtu aliyebanwa.

Bint_Kibokoni

Kabla ya yote hayo, umetazama ripoti yako ya CRB? "Huna historia" na "una historia mbaya" wakati mwingine mteja huambiwa kwa maneno yale yale, mhudumu akiona haya. Kenya kuna CRB tatu zenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kila moja. Chukua zote tatu, kwa sababu si kila mkopeshaji anapeleka taarifa kote.

hesabu_tupu

Hiyo "5% tu" nairudia kwa nambari, kwa sababu watu wanaiona ndogo.

Riba yao ni ya flati: inahesabiwa kwa 40,000 nzima kila mwezi, hata ukiwa umeshalipa nusu. 5% ya 40,000 ni 2,000, mara miezi sita ni 12,000. Utarudisha 52,000, yaani 8,667 kila mwezi, zaidi ya nusu ya 16,155 zako. Sasa uliza ada ya kushughulikia mkopo na bima. Tuseme kwa pamoja ni 5% inayokatwa mwanzoni: unapokea 38,000 lakini unalipia 40,000. Ukiigeuza iwe riba ya salio linalopungua, ni karibu 9.8% kwa mwezi. Mara mbili ya ulichoambiwa.

Linganisha na SACCO ya 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi sita ile ile: riba yote ni 1,400. Kwa miezi minane unalipa 5,400 mwezi wa kwanza, 5,350 wa pili, inashuka hivyo hivyo. Riba yote 1,800.

Mikopo ya simu nayo ina hesabu yake. M-Shwari ni ada ya 7.5% kwa siku 30, juu yake ushuru wa serikali. Ukiizungusha mwaka mzima umelipa 90% na zaidi. Hustler ni 8% kwa mwaka: 1,000 kwa siku 14 ni kama shilingi tatu, ingawa mkononi unapata 950 kwa sababu 5% inaenda akiba. Ukipitisha siku 14 riba inapanda hadi 9.5%. Ni pesa ya bei nafuu, shida ni kikomo. Kopa, lipa kabla ya siku 14, kopa tena, ndivyo kinavyopanda. Lakini hakitafika 40,000 kwa miezi mitatu, usijidanganye.

Swali la kumuuliza mkopeshaji yeyote ni moja: nitapokea ngapi mkononi, na nitarudisha ngapi kwa jumla mpaka senti ya mwisho? Akianza kuzungumza asilimia, mrudishe kwenye shilingi.

Mja_wa_Likoni

Asanteni sana. Nimetoa ripoti. Mbili ziko safi, moja ina deni la 1,450 la mkopo wa apu wa mwaka 2021, limeandikwa halijalipwa. Nilidhani apu ile ilishakufa. Nilipe, au nilipinge kwa kuwa ni dogo? Na nikilipa, ninunue ile hati ya CRB ya kuonyesha sina deni?

Bint_Kibokoni

Lingekuwa chini ya 1,000 ungekuwa na hoja, kwa sababu kanuni za 2020 zinakataza madeni chini ya hapo kupelekwa CRB. 1,450 limepita.

Usilipe kwa nambari iliyo kwenye ujumbe wa zamani wa simu. Angalia kwenye ripoti nani ndiye mdai sasa, kwa sababu madeni huuzwa na kampuni hubadilisha majina. Waandikie barua pepe uombe mchanganuo: mkopo wa awali, riba, faini, na nambari ya paybill. Ukipewa kiasi tofauti na cha kwenye ripoti, uliza kwa nini kabla ya kulipa. Lipa kwa paybill, si kwa nambari ya mtu. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, kisha uwaombe kwa maandishi wapeleke taarifa mpya CRB. Hapa ndipo wengi wanakwama: wanalipa, wanakaa kimya, na mkopeshaji naye anakaa kimya. Wasiposasisha, peleka malalamiko kwa CRB yenyewe ukiambatisha ushahidi wa malipo.

Kama hukumbuki kukopa, au ulishalipa, usilipe tena. Pinga kwa CRB waichunguze. Kumbuka pia mkopeshaji alitakiwa kukupa ilani ya siku 30 kabla ya kukupeleka. Hukuipata? Liweke kwenye malalamiko.

Hati ya CRB usiikimbilie. Benki na SACCO hujikagulia wenyewe. Inunue ikiombwa kwa jina, na baada ya ripoti kubadilika. Alama yenyewe haifutiki siku ya malipo. Inabaki miaka mitano ikionyesha deni lilichelewa na limelipwa. Hilo si baya kama linavyosikika. "Limelipwa" na "halijalipwa" kwa afisa ni watu wawili tofauti.

mweka_hazina

Wote wanakutajia SACCO kana kwamba unaingia leo na kutoka na hundi. Nyingi zinataka uwe mwanachama miezi mitatu hadi sita, na mkopo ni mara tatu ya akiba. Kwa 40,000 unahitaji akiba ya 13,334. Ukiweka 2,000 kwa mwezi ni miezi saba, na wakati huo mkataba wako una miezi miwili. Kwa hiyo kwa hii nyumba SACCO haikufai, isipokuwa ile utakayojiunga nayo inakubali uweke akiba kwa mkupuo. Nyingine hukubali, nyingine zinataka ile pesa ikae miezi kadhaa kwanza ndipo ihesabiwe. Uliza kabla ya kujiunga.

Lakini jiunge hata hivyo, kwa ajili ya safari ijayo. Hakikisha iko kwenye orodha ya SASRA, mamlaka inayosimamia SACCO. Tofautisha hisa na akiba: hisa hazirudishwi, unaweza tu kumuuzia mwanachama mwingine, akiba unapewa ukijitoa, kwa kawaida baada ya ilani ya siku 60. Mdhamini naye ana hesabu. Akiba yako ikiwa 14,000 na mkopo 40,000, zinabaki 26,000 za kudhaminiwa, yaani watu wawili wenye 13,000 kila mmoja ambazo hazijafungwa kwa mkopo wa mtu mwingine. Watu husahau hilo, wanaleta mdhamini mwenye akiba kubwa kumbe imeshafungwa yote.

Kwa sasa ningepunguza mkopo wenyewe. Zungumza na mwenye nyumba kuhusu amana: nusu ukiingia, nusu kwa miezi mitatu, iandikwe kwenye mkataba wa kupanga. Na ile amana ya nyumba unayotoka, toa ilani na uombe ukaguzi mapema ili ikupate kwa wakati. Ukiteremsha 40,000 iwe 22,000, miezi minane ni 2,750 kabla ya riba. Hapo benki yako inayopitisha mshahara ina sababu ya kukusikiliza, ukiwa na barua ya mwajiri ya kuongezwa mkataba, miezi mitatu ya stetimenti safi na lile deni la 1,450 limefungwa.

Mja_wa_Likoni

Shukran, mwenye nyumba anaweza kukubali. La mwisho: ile kampuni ya 5% wanataka kupiga picha TV, friji na meko kama dhamana. Ni halali?

karani_mikopo

Ni halali. Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya 2017 inaruhusu vyombo vya nyumbani viwe dhamana, na mkopeshaji anaweza kuvisajili. Kinachowaumiza watu ni fomu yenyewe. Usisaini orodha yenye mistari mitupu chini. Ipige mstari mpaka mwisho wa ukurasa. Andika aina na nambari ya kila kifaa, na usiweke kitu cha mwenzako au cha mwenye nyumba. Thamani wataiandika chini mno, kwa sababu friji iliyotumika haiuziki kwa bei ya dukani. Ukishindwa, wanabeba vyote na deni bado linabaki. Soma pia kifungu cha ilani: unapewa siku ngapi kabla ya kuja kubeba. Kama hazijaandikwa, omba ziandikwe au uondoke.

Na yeyote, kampuni au ukurasa wa Facebook, anayetaka utume "ada ya usajili" kwa nambari ya mtu binafsi kabla ya kupewa mkopo, huyo ni tapeli. Ada halali hukatwa kwenye mkopo au hulipwa ofisini kwa risiti. Kampuni za mikopo ya simu zikague kwenye orodha ya Benki Kuu. Tangu kanuni za Machi 2022 zinatakiwa kuwa na leseni, na haziruhusiwi kuwapigia watu walio kwenye simu yako wakikudai. Apu ikiomba ruhusa ya kusoma majina yako yote kabla hata hujajaza fomu, ifute.

hesabu_tupu

Kwa 22,000 kwa miezi minane, 1.5% kwa mwezi ya salio linalopungua ni riba ya 1,485 yote. Flati ya 5% ni 8,800. Nenda benki na hizo nambari mbili kwenye karatasi.