Mjadala: Kilo za uchafu zinazoingia Ziwa Victoria ziandikwe daftari moja, kiwanda kwa kiwanda?

Mzawa wa Luzira

Swali ni hili: Uganda na majirani zake watoe hadharani, katika daftari moja, kilo za uchafu ambazo kila kiwanda na kila mtambo wa majitaka unaingiza ziwani kwa mwaka? Mimi nasema watoe, na wasingoje mradi wa wafadhili. Nieleze kwanza, kisha mnipige mawe.

Leo kila nchi ina kipimo chake. Kwa ile BOD, yaani oksijeni ambayo uchafu unayanyang'anya maji wakati unaoza, kanuni zetu zinaruhusu miligramu 50 kwa lita. Kenya na Tanzania ni 30. Ukiishia hapo utadhani Waganda ndio wachafuzi wakubwa. Lakini miligramu kwa lita inakueleza maji yamekolea kiasi gani, haikuelezi uchafu ulioingia ni mwingi kiasi gani. Tuseme kiwanda cha huku kinatoa mita za ujazo 1,000 kwa siku kwa miligramu 50: hizo ni kilo 50. Cha ng'ambo kinatoa mita 3,000 kwa miligramu 30, kimetii sheria iliyo kali zaidi: hizo ni kilo 90. Na mwenye kiwanda mjanja anafungua bomba la maji safi, anachanganya na majitaka kabla hayajafika pale mkaguzi anapochotea. Karatasi inasoma vizuri, na ziwa limepokea kilo zile zile.

Ziwa lenyewe halina pa kuzipeleka. Maji yake mengi yanaondoka kwa mvuke, na yanayotoka kwa mto ni yale tu yanayopita Jinja kuingia Naili. Fosforasi hairuki na mvuke. Sisi wa Luzira na Bugolobi, hapa Kampala, hesabu hiyo tunaijua kwa pua. Mfereji wa Nakivubo unakatiza mji, unapita eneo la viwanda, unaingia kwenye kinamasi walimopanda magimbi, kisha unamwaga kwenye Ghuba ya Murchison, ghuba hiyo hiyo ambako mitambo ya Ggaba inavuta maji ya kunywa ya Kampala. Mtambo mpya wa Bugolobi, wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, umesaidia, siwezi kukana. Lakini shirika la maji limekwenda pia mpaka Katosi kujenga mtambo mwingine, na uchafu wa ghuba ni sababu mojawapo.

Sheria tunazo. Sheria yetu ya haki ya kupata habari ni ya 2005. Itifaki ya bonde la ziwa ilitiwa saini 2003, na kanuni ya mchafuzi alipe imo. Kamisheni ya Bonde iko Kisumu, ina ofisi na watu. Ulaya wana Itifaki ya Kyiv ya madaftari ya vichafuzi, nayo ya 2003, iliyoanza kutumika 2009: vichafuzi 86, kila kiwanda kikubwa kwa jina lake, na mwananchi anasoma bure. Nchi yoyote ya Umoja wa Mataifa inaruhusiwa kujiunga. Kwa hiyo wa kusema kitu hiki hakiwezekani, aseme ni wapi kimeshindikana.

Afande Mstaafu, Jinja

Mzawa, unataka kutuvua nguo sokoni. Wewe ni kijana, mwaka 1999 labda hukuwepo. Ulaya walifunga soko la samaki wa ziwa hili kwa sababu watu wachache walivua kwa sumu. Viwanda vya minofu hapa Jinja vilisimama, watu wakarudi vijijini mikono mitupu mpaka soko lilipofunguliwa 2000. Sasa wewe unataka tuandike wenyewe, kwa mkono wetu, kwamba kiwanda fulani kinamwaga kilo kadhaa za zebaki au kromiamu, na mnunuzi kule Ubelgiji asome akinywa kahawa? Takwimu zikae kwa wizara. Wizara na wizara zizungumze kimya kimya, kama wakubwa.

Mama Mukene, Kiyindi

Afande, shikamoo. Kwa heshima yote, hapo nakukatalia. Lile soko lilifunguliwa lini? Lilifunguliwa baada ya wakaguzi kuja na vipimo vya mabaki ya sumu kuanza kufanyika. Tulifungiwa kwa sababu hatukuwa na cha kuwaonyesha, tukafunguliwa tulipokuwa nacho.

Mimi naongea kama mtu wa mwaloni. Mwisho wa 2020 kuingia Januari 2021, sangara walielea wamekufa, wakubwa wakubwa, wale wa bei. Serikali ikasema oksijeni ilipungua majini baada ya dhoruba. Inawezekana kabisa, sangara hawavumilii hali hiyo. Lakini mwaloni nani aliamini? Kila mtu alisema sumu. Hata mukene wangu, yaani dagaa, waliokauka siku nyingi kabla, walikataliwa na wateja wa siku zote. Ningekuwa na karatasi inayoonyesha ni nini kinaingia upande wetu kila mwezi, ningemfungua mteja macho. Sikuwa nayo, nikala hasara.

Tanzania nao Machi 2022, samaki walipokufa Mto Mara, kamati ikasema ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Watu walicheka, wengine wakakasirika. Huenda kamati ilikuwa sahihi. Lakini mto ule unaanzia Kenya, na hakukuwa na daftari la pamoja ambalo mvuvi angelifungua aone mwenyewe. Afande, mambo ya funika kombe mwanaharamu apite yanatugharimu sisi wauzaji.

Bodaboda wa Katwe

Na sisi tunaooshea pikipiki mferejini tutaandikwa?

Mpima Maji

Nimefanya kazi ya kuchota sampuli kwa miaka mingi, kwa hiyo nisamehewe urefu.

Mzawa yuko sahihi kuhusu kilo, lakini amepita haraka kwenye jambo gumu. Ili upate kilo unahitaji vitu viwili: ukali wa uchafu na wingi wa maji. Ukali tunaupata. Unachota chupa, unaiweka kwenye boksi la barafu, unaandika saa, unakimbiza maabara ya Entebbe kabla vijidudu havijabadilisha kilichomo. Wingi wa maji ndio kizungumkuti. Nenda kwenye bomba la kiwanda chochote cha kati: hakuna mita, hakuna hata kizuizi chenye pengo la kupimia kina cha maji. Mara nyingi namba ya mita za ujazo ni ile mwenye kiwanda aliyoiandika siku ya kuomba kibali, na imebaki hivyo hivyo hata baada ya kuongeza zamu ya usiku. Ukizidisha kipimo kizuri kwa namba ya kubuni, unapata kilo za kubuni.

La pili, kuhesabu mara mbili. Hapa ndipo daftari za kimataifa huvurugika. Kagera inabeba maji ya Rwanda, Burundi, Tanzania na Uganda. Ukipima uchafu wa mto pale unapoingia ziwani, kisha ukajumlisha kilo za viwanda vyote vilivyo juu ya mto, umehesabu uchafu ule ule mara mbili. Tena siyo wote unaofika: mwingine unanaswa na mafunjo, mwingine unatua njiani. Lazima ziwe safu mbili zisizojumlishwa: kilichotoka bombani, na kilichofika mdomoni mwa mto. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayokupa kazi. Mdomo ukionyesha kilo nyingi kuliko mabomba yote, jua ni mashamba, mmomonyoko au vyoo. Nisisitize hilo, maana sehemu kubwa ya fosforasi na naitrojeni ya ziwa hili inaingia na mvua, vumbi na udongo uliooshwa, wala si kwa bomba la mtu.

La tatu, kiwango cha chini. Ulaya kiwanda hakilazimiki kutangaza fosforasi inayoingia majini mpaka ipite kilo 5,000 kwa mwaka. Tukinakili hilo hapa, machinjio mengi na viwanda vingi vya ngozi vitapita chini ya wavu, wakati kwa pamoja ndivyo vinavyonuka. Bodaboda, wewe pumzika, hufiki hata tukikuwekea kilo 50.

Mwisho, fomu. Namba moja ya majitaka naijaza kwa Wizara ya Maji kwa ajili ya kibali, naijaza kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa ajili ya viwango, kisha inaombwa tena kwa ajili ya taarifa ya malengo ya maendeleo endelevu, na Kamisheni nayo inaitaka kwa jedwali lake. Moja inataka tani, nyingine asilimia, nyingine mwaka wa fedha badala ya mwaka wa kalenda. Namba zikitofautiana mtu wa nje anasema tunadanganya. Kabla ya kuoanisha na Kenya, tuoanishe ofisi zetu wenyewe, ghorofa ya pili na ya tatu.

Kijana wa Kasese

Mnaongea Victoria tu kana kwamba Uganda ina ziwa moja. Mgodi wa Kilembe ulisimama 1982. Mabaki ya shaba na kobalti yako pale pale kandokando ya Mto Nyamwamba, na mafuriko yakija yanachukua. Mto unaingia Ziwa George, George linapitia mfereji wa Kazinga kuingia Ziwa Edward, na Edward ni letu na Kongo. Nani atajaza fomu? Uchafu ule ni wa zamani, haupiti bomba, na meneja wa wakati ule hayupo wa kutia saini. Kamisheni ya Kisumu mamlaka yake ni bonde la Victoria. Kongo wameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, basi daftari liwe la Jumuiya.

Mpakani Busia

Hapa Mto Sio, mpakani mwa Uganda na Kenya, ng'ambo moja wanachinja, ng'ambo nyingine wanachota. Ukilalamika huku unaambiwa nenda kule, kule wanakuuliza kitambulisho.

Mzawa wa Luzira

Afande, nilikuwepo 1999, na baba yangu alipoteza kazi. Ndiyo sababu sitaki tena mambo ya kimya kimya.

Mpima Maji, safu mbili nakubali, na mita kwenye bomba iwe sharti la kibali: hakuna mita, hakuna kibali. Kiwango cha chini kishushwe, nakubali. Lakini sikubali tungoje ghorofa zipatane kwanza, maana hazitapatana mpaka kuwe na msomaji wa nje anayeuliza mbona namba ni mbili. Kuhusu Kilembe, Kijana, sina jibu zuri. Nadhani serikali iandikwe kama mmiliki, ijaze kwa kipimo cha mtoni.

Wiki hii napeleka ombi chini ya sheria ya 2005, nikitaka vibali vya kumwaga majitaka vya Luzira na Port Bell pamoja na mita za ujazo zilizoandikwa ndani yake. Mwenye nakala ya kibali chochote cha Jinja au Busia, anitumie tulinganishe.

Afande Mstaafu, Jinja

Ninayo ya kiwanda kimoja cha hapa, tarehe imeshapita. Jina la kiwanda nitaliziba.