Mjadala: Kitabu cha katuni ndani ya kasha la plastiki, ni mtaji au ni kamari?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, nawasalimu. Binamu yangu yuko Minneapolis, huu mwaka wa tisa. Juzi kanipigia, hata hali ya watoto hakuuliza, kaingia moja kwa moja: tuchange nusu kwa nusu tununue Amazing Spider-Man namba 129 ya mwaka 1974, ile ambayo mhusika aitwaye Punisher anatokea kwa mara ya kwanza. Bei dola 900, milioni mbili na ushee za kwetu. Anasema tukikaa nayo miaka kumi tutakuwa tunacheka. Nimemwambia sitoi hata mia. Tumenuniana, ndiyo maana nimekuja hapa mtuhukumu.

Hoja yangu ni hii. Kiwanja kikikaa, unapanda mchicha. Hisa zikikaa, kuna siku utasikia gawio. Hatifungani ya serikali inakuletea riba kila miezi sita ukiwa umelala. Kitabu cha katuni kikikaa, kimekaa. Faida yote inangoja atokee mtu mwenye hamu kuliko wewe na fedha kuliko wewe. Hiyo mimi naiita kamari yenye picha.

Najua mtaniletea mfano wa kile kitabu cha katuni, Action Comics namba 1, basi niwawahi. Ndiyo, mwaka 1938 iliuzwa senti 10, Superman alizaliwa humo, na Aprili 2024 nakala moja ilikwenda mnadani kwa dola milioni 6. Lakini jiulizeni imekuwaje. Zilichapwa kama laki mbili, zilizobaki zinakadiriwa mia moja hivi. Nyingine zote watoto walizisoma mpaka zikaachia majani, mama zao wakazitupa, halafu vita ya pili ya dunia ikaja, watoto wa Marekani wakaambiwa wakusanye karatasi chakavu kusaidia nchi, komiki zikaondoka na magunia. Waliozifanya kuwa ghali ni watu ambao neno uwekezaji halikuwapitia kichwani.

Sasa tazameni wawekezaji walipoingia. Mwaka 1991 Marvel, wachapishaji wa huyo Spider-Man, walitoa X-Men namba 1 yenye majalada matano tofauti, nakala zaidi ya milioni 8 zikaenda madukani. Watu walibeba tano tano, wakaweka kwenye mifuko, hawakusoma hata ukurasa. Novemba 1992 Superman akauawa kwenye toleo la 75, likauzwa ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cha msiba cha kufunga mkononi, foleni mpaka barabarani. Leo ile X-Men unaipata kwa hela ya chipsi na soda, kwa sababu kila aliyeinunua anayo hadi leo, tena haina hata mkunjo. Miaka michache baadaye soko lilikwisha, maduka yakafunga milango, na Desemba 1996 Marvel wenyewe wakaenda mahakamani kuomba kinga ya muflisi. Madeni ya mmiliki yalichangia, sikatai, lakini shimo lilishachimbwa.

Nangoja hoja zenu. Matusi mpelekeeni binamu.

Mchangiaji, Toronto

Mkuu, umechagua mifano ya kukufaa. Namba 129 haikutoka kwa milioni nane, na mwaka 1974 wengi walioinunua walikuwa watoto wenye senti 20, walioikunja wakaitia mfuko wa nyuma wa suruali. Kwa hiyo kwa mantiki yako mwenyewe, hiyo ndiyo ya kununua!

Halafu unasema haizai. Dhahabu iliyo shingoni mwa mama yako inazaa nini? Mbona hujamwita mcheza kamari?

Zamani ilikuwa muuzaji anakwambia "hii safi" nawe unakubali. Tangu mwaka 2000 ipo kampuni ya CGC, unawapelekea kitabu, wanakihesabu kurasa, wanatafuta kama kimerekebishwa kwa siri, wanakipa alama kati ya 0.5 na 10, wanakifungia kwenye kasha gumu. Bei za mauzo yaliyopita ya alama ile ile ziko wazi mtandaoni. Nionyeshe dalali wa viwanja Chanika anayekupa hayo.

Mimi ninazo kumi na mbili. Tatu nilinunua 2021, wakati watu wamefungiwa ndani na corona, wana hela za serikali mkononi na filamu za Marvel kichwani. Zile tatu zimenichoma, nakiri. Nyingine tisa sijutii.

Mwanzisha mada

Umejibu na kujishtaki humo humo, nakushukuru.

Dhahabu ina mzani. Ikivunjika bangili, sonara anayeyusha, gramu zinabaki gramu. Kitabu chako kikipata mkunjo mmoja kwenye uti kinashuka kutoka 9.8 hadi 9.4, na kwa baadhi ya matoleo hapo umeshapoteza nusu ya bei au zaidi, kwa mkunjo ambao mimi na miwani yangu siuoni. Na hilo kasha, nisahihishe kama nakosea: ukilifungua usome, alama imekufa. Yaani ninunue kitabu kwa sharti la kutokifungua! Kuna ulipaji wa kupimwa, kuna posta yenye bima, kuna kamisheni ya mnada. Hesabu zako za faida huwa unaziondoa hizo, au unaanza na furaha kwanza?

Mchangiaji, Unguja

Mimi siko upande wowote, nauliza tu hicho kitabu kitakaa wapi. Nina misahafu na vitabu vya babu hapa, najua hewa ya bahari inavyofanya. Karatasi za komiki za zamani ni zile zile za gazeti, zina asidi ndani yake, zinageuka manjano hata ukiziacha kabatini bila kuzigusa. Ongeza joto letu na unyevu, pini zinashika kutu, kutu inakula karatasi, kuvu inafuata. Kasha la plastiki si friji. Mchwa sijamtaja.

Mchangiaji, Toronto

Kitabaki Minneapolis kwa binamu.

Mchangiaji, Unguja

Basi mwenzetu atakuwa na nusu ya kitabu asichokiona, nchi asiyoishi. Nicolas Cage, mwigizaji, mwaka 2000 aliibiwa Action Comics namba 1 nyumbani kwake, ikaja kupatikana 2011 kwenye ghala la kukodi California. Miaka kumi na moja, na yeye ni tajiri mwenye walinzi. Ilipouzwa mnadani mwaka huo huo ilifika zaidi ya dola milioni 2, sawa, kaniki imegeuka hariri. Lakini kwa miaka kumi na moja mtaji wake ulikuwa ni hadithi.

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Wanangu, nimewasoma. Mnagombania buibui wa New York, sawa, mimi nina neno la hapa nyumbani.

Ninayo magazeti ya katuni ya Sani ya miaka ya themanini, sitini na kitu, kwenye sanduku la bati. Wenye umri wangu wanajua: waanzilishi ni Said Bawji na Nico ye Mbajo, mkiunganisha herufi mbili mbili za mwanzo za majina yao mnapata jina la gazeti. Wahusika wake Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Madenge. Darasani nilikuwa nawanyang'anya watoto wakati wa kipindi, jioni nayasoma mimi ofisini, mengine sikuyarudisha. Ndiyo asili ya mkusanyiko wangu, nisameheni.

Huyu kijana wa Dar anasema komiki za Marekani zimekuwa ghali kwa sababu zilitupwa. Mbona Sani nayo ilitupwa? Ilifungia karanga, ilifungia maandazi, ilikwenda msalani. Kenya kulikuwa na gazeti la vichekesho, Joe, la Hilary Ng'weno na Terry Hirst tangu 1973, nalo nenda kalitafute mtaani leo. Chakubanga wa katuni alikuwa ndani ya gazeti la Uhuru, nchi nzima ilimjua, na gazeti la jana tukawashia mkaa. Uhaba tunao mwingi kuliko Wamarekani. Bei iko wapi?

Mwaka juzi alikuja msichana wa chuo kikuu, anaandika tasnifu kuhusu wachoraji wetu. Alishinda kwangu siku tatu anapiga picha kurasa, aliniletea sukari kilo mbili. Maktaba alizozunguka alipata matoleo machache, yamekatwa katikati. Nikajiuliza: hao wenye tamaa ya dola mnaowacheka, angalau karatasi zao zipo. Kwetu hapakuwa na mwenye tamaa, na hazipo.

Mwanzisha mada

Shikamoo, Mwalimu. Hapo umenibana na sina pa kuchomokea, ila nijaribu. Bei haikuumbwa na uhaba peke yake, hilo nilikosea kulisema kama lote. Superman hajakaa hata muongo mmoja bila gazeti, redio, filamu au televisheni inayomkumbusha mtoto mpya. Lodi Lofa nani anamkumbusha? Mtoto wangu wa darasa la sita hamjui, Spider-Man ana begi lake. Kwa hiyo binamu hanunui karatasi, ananunua dau kwamba kampuni moja ya Marekani itaendelea kutengeneza filamu. Bado sitoi hela.

Lakini kwamba tamaa ilihifadhi na mapenzi yetu hayakuhifadhi, hilo nalilalia leo.

Mchangiaji, Toronto

Mwalimu, marahaba yangu ya mbali, samahani, shikamoo! Hayo sitini na kitu, jalada zipo zote? Nina watu wawili hapa waliokulia Mwanza, wangelipa vizuri. Hata mimi.

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Jalada zipo, isipokuwa manne ambayo panya alitangulia. Siuzi. Nimeshamwahidi yule msichana wa chuo kwamba nikiondoka yaende kwake.

Ila hebu taja bei, nisikie.