PC mpya imekataa kuwaka: ninunue pawa saplai ingine, nipeleke kwa fundi wa Luthuli Avenue ama nijipimie mwenyewe?

kijana_wa_pipeline
Wadau habari za jioni. Miezi saba nimekuwa nikiweka kidogo kidogo nijenge PC yangu ya kwanza. Prosesa ya Ryzen 5 5600, madabodi (ile bodi inayobeba kila kitu) ya B550 ile saizi kubwa ya ATX, ramu GB 16 vijiti viwili, kadi ya grafiki ya mtumba, pawa saplai (ile inayogawia mashine stima) ya wati 550 mpya ndani ya boksi, na kesi ya mtumba nilitoa Luthuli, hapo Nairobi tauni, kwa 2,500 ikiwa na feni mbili. Jana nikaanza kuunganisha saa mbili usiku, video kando, ugali umepoa kwa sahani, na saa saba hivi nikafinya swichi. Feni ya prosesa ikaruka robo mzunguko, tap, ikanyamaza. Nikafinya tena, hakuna kitu. Kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Lakini kale kataa ka madabodi kanawaka.

Sasa naona njia tatu na pesa yangu inatosha moja tu: ninunue pawa saplai ingine nijaribu, nibebe mashine yote kwa matatu mpaka kwa fundi tauni, ama nijipimie hapa nyumbani na sina kifaa chochote isipokuwa bisibisi. Nyinyi mngefanya gani?

chapati_tatu
Pole bro. Kwanza kabisa swichi ya nyuma ya pawa saplai iko kwa I ama kwa O? Usicheke, mimi niliwahi kulia lisaa lizima juu ya hiyo.

Hata hivyo kama taa ya madabodi inawaka basi stima inafika, kwa hivyo fyuzi ya plagi na ekstensheni ondoa kwa orodha. Kwangu mshukiwa ni ile swichi ya mbele ya kesi. Ni mtumba, imefinywa na watu wangapi? Chomoa ile waya yake ndogo, tafuta zile pini mbili za PWR_SW (kitabu cha madabodi kina mchoro), ziguse pamoja na ncha ya bisibisi kwa sekunde moja tu uachilie. Ikiwaka, shida ni swichi, kwisha. Bei: sufuri.

boss_wa_roysambu
Hiyo ni pawa saplai imekufa ikiwa mpya, inatokea. Wati 550 na kadi ya grafiki ya mtumba unacheza na moto. Mimi nina ya wati 650 nilitoa kwa mashine yangu mwaka jana, safi haina makelele, nakuachia 4,500 na nikuletee mpaka stejini. Utamaliza hii story leo leo.

kebo_nyeupe
@kijana swali moja kabla watu hawajakuuzia vitu 😅 Ukizima ile swichi ya nyuma, ungoje nusu dakika, uwashe halafu ufinye, feni inaruka tena ama hairuki kabisa?

kijana_wa_pipeline
@kebo_nyeupe nimejaribu sai. Inaruka tena robo mzunguko, inanyamaza. Kila nikizima nyuma nikiwasha inafanya hivyo mara moja tu. Bisibisi nayo inaleta matokeo yale yale.

kebo_nyeupe
Basi swichi ya kesi haina hatia, juu amri inafika. Pawa saplai inaamka, inaona kitu haipendi, inajifunga. Na ikishajifunga haifunguki mpaka uikatie stima. Mashine kama hiyo ina shoti mahali ama kuna waya imeingia pahali si pake. Mzee @fundi_mstaafu uko?

fundi_mstaafu
Niko, nilikuwa naangalia taarifa. Kijana pole, na hongera kwa kujenga. Wacha nikulinganishie njia vile mimi naziona, lakini sitazipa uzito sawa juu hazina uzito sawa.

Klipu ya karatasi. Zima pawa saplai, chomoa stima, toa ile kebo kubwa ya pini 24 kwa madabodi. Tafuta waya ya kijani, iko moja tu (kama kebo zako zote ni nyeusi, ni pini ya 16), unganisha na nyeusi yoyote kwa kipande cha waya, halafu ndio urudishe stima uwashe. Feni ya pawa saplai ikizunguka ujue inaamka. Ni bure na dakika mbili. Lakini usiiamini sana! Inakwambia mgonjwa anapumua, haikwambii kama anaweza kubeba gunia. Na kuna pawa saplai za siku hizi feni yake haizunguki mpaka ipate mzigo, watu wanatupa kitu kizima wakidhani imekufa.

Mita. Hapa ndio pesa yako iende. Ile ya manjano ya barabarani mimi nilinunua 650 na bado inafanya kazi. Hiyo klipu ikiwa imeshikilia, pima waya ya manjano na nyeusi upate volti 12 (kati ya 11.4 na 12.6), nyekundu 5, ya machungwa 3.3. Ya zambarau inakaa na 5 hata mashine ikiwa imelala, ndio maana hako kataa kako kanawaka. Faida kubwa ya mita si hata hizo volti, ni ile alama yake ya kupiga kelele. Nitarudi hapo.

Kubadilisha pawa saplai. Sikatai, lakini kama shoti iko kwa madabodi, utaweka ya 650 nayo itajifunga vilevile, utakuwa na pawa saplai mbili na mashine sufuri.

Kutoa madabodi nje ya kesi. Hii hujaitaja na ndio ningeanza nayo. Iweke juu ya katoni yake, si juu ya ile karatasi ya kung'aa iliyokuja imefungiwa. Acha prosesa, feni yake, kijiti kimoja cha ramu kwa tundu la pili kutoka kwa prosesa, basi. Hakuna kadi ya grafiki, hakuna diski. Hiyo 5600 haina grafiki ndani yake kwa hivyo skrini itakuwa nyeusi, usishtuke, sisi tunatafuta feni izunguke tu.

Na tafadhali usifungue pawa saplai yenyewe hata kama umeona video. Kapasita zake zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukiwa umechomoa.

mamaJunior_IT
Nakubaliana na mzee, naongeza mambo mawili ya hiyo njia ya fundi juu nimefanya kazi tauni miaka. Fundi wa Luthuli si mbaya, kuna wengine wanajua kazi kuliko sisi wote hapa, shida ni kwamba Jumamosi ana mashine kumi mezani, atakwambia uache, na hautaona ni kitu gani amegusa. Mimi niliacha mashine ya ofisi kwa duka moja nikalipa 1,500 ya kuangalia tu, ikarudi na jibu "madabodi imekufa", kumbe ile kebo ya prosesa haikuwa imeingia mpaka mwisho. Ukienda, keti hapo hapo.

La pili, waranti. Hiyo pawa saplai na madabodi ni mpya, si ndio? Usiuze wala kukata chochote, tunza risiti na zile stika, mpigie aliyekuuzia kabla ya kununua ingine.

Na angalia kebo. Ile ya juu ya prosesa ni pini 8 inayogawanyika 4+4, ya kadi ya grafiki ni 6+2. Zinafanana na kuna watu wanazisukuma kwa nguvu mpaka zinaingia, halafu pawa saplai inajifunga vile vile unaeleza. Kama kebo za pawa saplai yako zinachomoka, usiwahi kutumia za pawa saplai ingine, kwa upande ule unaoingia pawa saplai kila kampuni inapanga vile inataka na utachoma diski.

boss_wa_roysambu
Madam na mzee mnamzungusha huyu kijana. Klipu, mita, katoni... Siku nne zitaisha. Ofa yangu iko 4,200.

chapati_tatu
😂😂 bei inashuka kama nyanya saa kumi na mbili Marikiti

njoki_gamer
Mi nadhani ni BIOS (ile programu ndogo ndani ya madabodi inayoamsha mashine) jamani, hizo B550 za kwanza hazijui 5600 juu hiyo prosesa ilitoka 2022 na bodi zilitoka 2020. Ilinitokea.

kebo_nyeupe
@njoki_gamer hiyo ni kweli lakini ni ugonjwa mwingine. BIOS ya zamani unapata feni zinazunguka na skrini nyeusi. Hii yake haifiki hata hapo.

kijana_wa_pipeline
Nimerudi. Kebo nimeangalia zote na tochi ya simu, ya prosesa ni ile 4+4 na imeingia mpaka ikalia tik. Klipu nimefanya, mkono ukitetemeka naapa, feni ya pawa saplai ikazunguka. Jirani wa chini anatengeneza redio akanipa mita: manjano 12.1, nyekundu 5.04, ya machungwa 3.33. Boss pole 😅

boss_wa_roysambu
Hizo ni namba bila mzigo, hata mzee amesema.

fundi_mstaafu
Nilisema, na boss ana haki hapo. Ndio sasa tunakuja kwa ile kelele. Chomoa stima kabisa, chomoa kebo zote za pawa saplai kwa madabodi, toa na kadi ya grafiki. Weka mita pale kwa alama ya kulia. Mguu mweusi gusa bati la kesi, mwekundu gusa pini ya 10 ama ya 11 ya ile soketi kubwa ya madabodi, hizo ndizo za volti 12. Ikilia mfululizo, volti 12 zako zimelala moja kwa moja kwa athi, yaani hiyo ndio shoti. Kisha toa madabodi nje, upime tena ukitumia pini nyeusi ya soketi ile ile badala ya bati. Ikilia nje pia, bodi ni mgonjwa, rudisha kwa aliyekuuzia. Ikinyamaza, mgonjwa ni kesi.

kijana_wa_pipeline
WADAU.

Ndani ya kesi mita ililia piiiiii bila kupumua. Nikafungua skrubu tisa, nikainua bodi pole pole, nikaiweka juu ya katoni, nikapima. Ikanyamaza. Nikapima tena juu sikuamini. Kimya.

Nikamulika ndani ya kesi. Vile viguu vya shaba vinavyoinua bodi isiguse bati, mimi nilihesabu tisa jana nikaona sawa, mashimo tisa viguu tisa. Kumbe viko kumi. Cha kumi kiko chini kidogo ya katikati, kimefunikwa na vumbi mpaka kina rangi ya kesi, na bodi yangu haina shimo hapo. Mwenye kesi wa kwanza lazima alikuwa na ile bodi ndogo ya micro ATX, akatoa bodi akasahau mguu. Nikigeuza bodi naona kamkwaruzo kadogo kama ncha ya kalamu, hapo kwa miguu ya soketi ya pili ya kadi ya grafiki, mahali kilikuwa kinagusa.

Nimekitoa na koleo ya jirani juu kilikuwa kimekwama. Nimewasha bodi ikiwa kwa katoni na bisibisi, feni ikaanza na HAIKUACHA. Nimekaa chini nikaiangalia tu kama mtu anaangalia mtoto akitembea.

mamaJunior_IT
Aki nimefurahi! Hiyo protekshoni ya pawa saplai imekuokolea bodi. Sai kabla ya kurudisha, hesabu viguu ukilinganisha na mashimo, moja kwa moja, si jumla.

kebo_nyeupe
Safi. Rudisha ndani kisha upime ile kelele tena kabla ya stima, ndio uongeze kadi ya grafiki na kijiti cha pili.

kijana_wa_pipeline
Nimerudisha, mita imenyamaza, kadi imeingia, na saa tano na robo BIOS imetokea kwa skrini, ramu yote GB 16 inaonekana. Matumizi yote ya leo: soda mbili za jirani. Mzee asante sana, Mungu akubariki.

fundi_mstaafu
Karibu kijana. Hicho kiguu usitupe, siku moja utakosa kimoja.

boss_wa_roysambu
Hongera bro. Kuna mtu mwingine hapa PC yake imekataa kuwaka? 3,900.