Mjadala: Kumwaga salfa angani ili dunia ipoe, tukubali au tugome?

MLETA MADA:
Wakuu habari zenu. Kuna hili wazo la kupeleka salfa juu kabisa, kwenye stratosfia, kama kilomita 20 hivi kutoka chini, ili sehemu ya mwanga wa jua irudishwe ulikotoka na dunia ipoe. Sio stori za kijiweni, 2006 Paul Crutzen, mkemia aliyepata Nobel ya 1995 kwa kazi ya ozoni (gesi ya huko juu inayotukinga na mionzi mikali ya jua), aliliandikia makala kwa uzito wote, na humohumo akasema bora gesi zinazopasha dunia zipunguzwe mpaka hii kitu isihitajike kabisa, ila haoni dalili. Toka hapo watu wamegawanyika.

Wanaounga mkono wana mfano mmoja mzito. Juni 1991 mlima Pinatubo kule Ufilipino ulilipuka ukatupa juu zaidi ya tani milioni 15 za salfa dayoksaidi. Ile gesi ikifika huko inageuka vitone vya asidi ya salfuriki, vidogo hata jicho halivioni, na kwa vile vinaelea juu ya mawingu ya mvua hakuna cha kuviosha haraka, basi vinakaa mwaka, miwili. Mwaka uliofuata wastani wa joto la dunia nzima ukashuka karibu nusu nyuzi ya sentigredi, na hakuna kiwanda hata kimoja kilichofungwa.

Mimi nagoma. Sisemi haitapoza, itapoza. Ninachosema ni kwamba kila kitu kipya kilichoingia kwenye hewa hii kwa kazi moja kiliishia kufanya na ya pili ambayo hakuna aliyeiomba.

Chukueni oksijeni yenyewe tunayoisifia. Zamani haikuwepo hewani kabisa, vijibakteria vya baharini vikawa vinaitoa kama taka yao tu. Mwanzo ilikuwa inaliwa na chuma kilichoyeyuka baharini, kikawa kinashika kutu na kutuama chini tabaka juu ya tabaka (ndo chuma kingi tunachochimba leo), chuma kilipopungua, miaka kama bilioni 2.4 iliyopita, oksijeni ikaanza kubaki hewani, ikaila methani ambayo inawezekana ndiyo ilikuwa blanketi la dunia, na wanasayansi wengi wanaihusisha hiyo na barafu kubwa iliyofuata. Vile vijidudu havikuwa na nia mbaya na mtu.

Au CFC. Thomas Midgley alitafuta gesi ya friji isiyo sumu na isiyoshika moto, akaipata, na 1930 akasimama mbele ya wakemia wenzie, akaivuta kifuani, akaipuliza taratibu kwenye mshumaa ukazimika. Watu wakaridhika, nani asingeridhika? Na kweli hiyo gesi ilikuwa pole, haigombani na kitu chochote huku chini. Tatizo likawa hapohapo, kwa kuwa hakuna kinachoivunja ikapanda mpaka stratosfia, mionzi mikali ya jua ikaipasua, klorini ikatoka, na chembe moja ya klorini inamaliza maelfu ya chembe za ozoni kabla haijatulia. Wakemia Molina na Rowland walionya 1974. Shimo lenyewe la ozoni likatangazwa 1985 na Waingereza waliokuwa wanapima kutoka ardhini pale Halley, Antaktika, wakati satelaiti zilikuwa zinapita juu kila siku ila programu ikaziwekea zile namba alama kwamba ni za kutilia shaka. Ziko chini mno haziwezi kuwa kweli!

Karibuni, ila tuje na hoja.

MCHANGIAJI 1:
Mkuu umeandika vizuri ila umeruka kitu. Unaongea kama vile hewa iko bikira na sisi ndo tunataka kuichokoza leo. Kabla ya viwanda hewa ya ukaa ilikuwa 280 katika kila chembe milioni, leo imepita 420. Majaribio yalishaanza zamani, tena bila mpango. Na salfa yenyewe tunaimwaga, tofauti ni kwamba tunaimwagia huku chini tunakopumua. Meli zilikuwa zinachoma mafuta yenye salfa mpaka asilimia 3.5, kanuni za 2020 zikashusha mpaka 0.5, hewa ikawa safi, sawa, lakini na ule ukungu uliokuwa unapunguza joto kidogo baharini ukapungua. Kwa hiyo kivuli cha salfa tumekaa nacho miaka mingi bila mtu kupiga kelele.

Mtu ana homa kali, unamshusha homa kwanza huku unatafuta ugonjwa. Wewe unataka tutafute ugonjwa tu, homa ijishushe.

MCHANGIAJI 2:
Nyote mnatishana bure. Hewa ya ukaa ni 0.04% ya hewa yote, yaani naitrojeni na oksijeni zenyewe ni 99%, na enzi za dinosaria hiyo gesi ilikuwa mara kadhaa ya sasa na maisha yaliendelea. Dunia inabadilika toka iumbwe. Hakuna cha kupoza wala kupasha, muache iendelee.

MLETA MADA:
Mchangiaji 2, ozoni yote iliyoko juu yetu ukiishusha hapa chini ikagandamizwa na hewa ya kawaida inakuwa tandiko la milimita 3 tu. Tatu. Na ndiyo inatukinga ngozi na macho. Kwenye hewa uchache sio hoja, angalia kitu kinafanya nini. Naitrojeni na oksijeni joto linalotoka ardhini linazipita kama hazipo, hewa ya ukaa inalidaka.

Na kuhusu dinosaria, ile gesi ilipanda na kushuka kwa mamilioni ya miaka. Mapovu ya hewa yaliyonaswa kwenye barafu ya Antaktika yanatupa miaka 800,000 mfululizo na humo hewa ya ukaa inacheza kati ya 180 na 300, haijawahi kugusa 400. Hii ya sasa ina alama ya mwenyewe: kaboni ya makaa na mafuta imekaa ardhini muda mrefu mno mpaka kaboni 14 (aina ya kaboni inayooza na muda) yote imeisha, na kaboni 13 (aina nyingine, nzito kidogo) yake ni pungufu, na hewa ya leo inapimwa ikiegemea hukohuko. Juu ya hapo oksijeni inapungua kidogo kidogo maana kuchoma kunaila. Usiogope hutakosa pumzi, ila risiti iko pale.

Mchangiaji 1, mfano wa homa ni mtamu ila una tundu. Dawa ya homa ukiacha, homa inarudi ile ile. Hii ukiacha inarudi kubwa zaidi, maana salfa inaanguka ndani ya mwaka au miwili na hewa ya ukaa inakaa mamia ya miaka. Ukimwaga miaka 40 huku unaendelea kuchoma, siku vita au kufilisika kukikusimamisha, joto lote ulilolificha linakuja kwa miaka michache. Na bahari je? Inaendelea kunywa hewa ya ukaa na kuwa na asidi, salfa haigusi hilo hata kidogo.

MCHANGIAJI 3:
Mnaongelea wastani wa dunia, mimi nauliza mvua. El Chichón ya Mexico ililipuka 1982, miaka miwili iliyofuata Sahel ikapigwa na ukame wa kutisha. Sisemi volkeno ndo sababu pekee, Sahel ilikuwa taabani toka kabla, ila kuna watafiti walioona kwamba milipuko mikubwa ya kaskazini inasukuma ukanda wa mvua kuelekea kusini. Sasa nani atashika rimoti? 2022 kampuni changa ya Marekani ilirusha maputo ya salfa Mexico bila kuuliza mtu, serikali ikasikia habari ikiwa imeshatokea, Januari 2023 ikatangaza itapiga marufuku. Na 2024 nchi zilikutana Nairobi kwenye baraza la mazingira la Umoja wa Mataifa, wakashindwa kukubaliana hata azimio la kuanzisha kundi la kulichunguza jambo hili.

MCHANGIAJI 1:
Hapo kwenye rimoti nakubali, sina jibu. Ila mnagoma mpaka majaribio. 2021 Harvard walitaka kurusha puto Kiruna, Sweden, tena safari ya kwanza ilikuwa kujaribu mitambo tu bila kumwaga kitu, Wasami (wenyeji wa asili wa huko) wakapinga, likasimama, na 2024 mradi wote ukafungwa. Sasa siku nchi moja ikizidiwa na joto ikaamua kumwaga kivyake, tutakuwa tunajua nini?

MLETA MADA:
Tutajua tulichojifunza Pinatubo, na sio kidogo. 1992 na 1993 ozoni ilishuka duniani, kwa sababu juu ya vile vitone vya asidi klorini inapata uwanja wa kuamkia. Na klorini ya akina Midgley bado ipo, pamoja na mkataba wa Montreal wa 1987 wa kuziondoa CFC makadirio ya ozoni ya Antaktika kurudi ilivyokuwa 1980 ni karibu 2066. Maabara na kompyuta sina shida nazo, volkeno inayofuata ipimwe kila saa. Kumwaga ndo nagoma.

MCHANGIAJI 1:
Sawa mkuu, basi nijibu hili moja. Ikifika hiyo 2066 ozoni imepona, klorini imepungua, na hewa ya ukaa iko 500, bado utagoma?