Mjadala: Mnada wa nafasi kwenye matokeo ya utafutaji ulistahili hataza?

Bundi: Wakuu, hoja mezani. Julai 2001 GoTo.com, kampuni ya utafutaji mtandaoni waliojiita Overture baadaye mwaka huohuo, walipewa hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) ya Marekani namba 6,269,361. Mtangazaji anataja dau kwa neno la utafutaji, orodha inapangwa kwa madau, na pesa zinakatwa pale tu mtu anapobofya. Aprili 2002 wakaishtaki Google. Mimi nasema mnada ni wa tangu enzi na enzi. Kuuingiza kwenye kompyuta si uvumbuzi.

Kitasa: Mkuu, umesoma jina la hataza, hukusoma madai yake. Kinacholindwa ni mlolongo mzima: mtangazaji ana akaunti, anaingia na kuthibitishwa, anabadili dau mwenyewe bila kupitia kwa muuzaji, orodha inajipanga upya, kila mbofyo unarekodiwa kwenye akaunti yake ili makato yawe sahihi. Mshindani akikosa hata hatua moja ya dai, hajalikiuka. Na tusisahau, hata AdWords, mfumo wa matangazo wa Google wa Oktoba 2000, ilianza kwa kutoza kila tangazo linapoonyeshwa mara elfu moja.

Pima Maji: Ugomvi wenyewe uko kwenye hiyo "hata hatua moja". AdWords Select, toleo jipya la Februari 2002, ilizidisha dau kwa kiwango cha kubofywa. Chukua A mwenye dau la senti 50 anayebofywa na 2%, na B mwenye senti 30 anayebofywa na 5%. Katika kuonyeshwa mara 1,000, A anaingiza dola 10 na B dola 15. Kwa Overture A yuko juu, kwa Google ni B. Je, huko ni kupanga kwa dau? Kwangu mimi ndiyo: pandisha dau na mengine yakibaki vilevile, unapanda. Ila wakili mzuri angeniyumbisha.

Bundi: Basi kwa nini Google walilipa hisa zao milioni 2.7 kuimaliza kesi? Kwa bei ya kuanzia sokoni ya dola 85 kwa hisa, hiyo ni dola milioni 229.5!

Kitasa: Usiibebeshe hataza mzigo wote. Yahoo, waliokwisha kuinunua Overture mwaka 2003, walikuwa na mgogoro mwingine na Google kuhusu haki ya kununua hisa za Google. Suluhu ya Agosti 2004 ilimaliza yote mawili kwa mkupuo. Tena ilikuja siku chache kabla hisa za Google hazijaanza kuuzwa sokoni, na hakuna anayependa kuingia sokoni na kesi ya namna hiyo kichwani. Mahakama haikuwahi kutamka kama kuzidisha dau kwa kiwango cha kubofywa ni ukiukaji.

Nanga: Nyote mmeruka tarehe. Ombi liliwasilishwa 28 Mei 1999. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kitu kilichotumika hadharani au kuuzwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ombi hakipati hataza. Bill Gross, mwanzilishi wa GoTo, aliinadi jukwaani kwenye mkutano wa TED Februari 1998. Kulitangaza wazo peke yake si kuliuza, kwa hiyo swali ni dogo na gumu: kabla ya 28 Mei 1998, mfumo wa akaunti na makato ulikuwa umeshaanza kutumika, au bado? Ningekuwa upande wa washtakiwa, ningeanza na kumbukumbu za malipo za watangazaji wa kwanza, hoja za falsafa ya mnada zingesubiri.

Pima Maji: Na kuna kesi ya kampuni ya Vringo. Novemba 2012 juri iliwapa takriban dola milioni 30 dhidi ya Google na wenzake kwa hataza zilizotoka Lycos, injini nyingine ya utafutaji, za kuchuja matokeo. Agosti 2014 Mahakama ya Rufaa ikazifuta: jambo lilikuwa dhahiri kwa fundi yeyote wa fani. Hakuna aliyehitaji kubishana kama ni wazo tupu.

Bundi: Juni 2014 uamuzi wa Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani katika kesi ya Alice ulishasema wazo tupu haligeuki uvumbuzi kwa kupitishwa kwenye kompyuta ya kawaida. Hataza ya 361 ingepona?

Kitasa: Soma na kesi ya DDR ya Mahakama ya Rufaa, Desemba 2014: tatizo lililozaliwa na mtandao wenyewe linaweza kupata hataza. Makato kwa mbofyo ni la namna hiyo.

Bundi: Makato kwa mbofyo ni kamisheni, mkuu. Dalali analipwa mteja akifika mlangoni, na udalali haukuzaliwa na mtandao.