Fatima tarehe 12 na 13 Mei na mama mzazi + watoto, mliokwenda nisaidieni

NyotaYaAsubuhi
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naomba mwongozo kwa waliowahi kwenda Fatima, pale patakatifu pa Bikira Maria huku Ureno, kwenye ile hija kubwa ya Mei. Tunaishi Lisbon mwaka wa tatu sasa, mimi, mume wangu na watoto wawili (8 na 4), na kila mwaka tunasema tutaenda, mara mtoto anaumwa, mara zamu za kazi, hatujaenda. Sasa mama yangu anakuja kututembelea, visa ishatoka, anafika mwisho wa Aprili, na kwenye simu hata kabla ya kuuliza wajukuu kauliza Fatima.

Shida ni kwamba mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, ngazi anapanda ameshika ukuta. Na juzi ndo ananiambia kuwa nilipokuwa na mimba ya huyu wa kwanza, ile iliyonilaza hospitali, aliweka nadhiri kwamba tukitoka salama siku moja atamwendea Mama wa Fatima kwa magoti. Miaka nane yote hajawahi kunitamkia. Nilishindwa hata kumjibu jamani, nilibaki nimeshika simu tu.

Sasa nauliza, twende usiku wa tarehe 12 au asubuhi ya 13 inatosha? Treni ipo? Watoto kwenye umati ule mnafanyaje? Na hili la magoti mngekuwa nyie mngefanyaje?

BabaTheo
Milele na milele, amina. Dada, kwanza achana na treni. Kuna kituo kinaitwa Fátima kweli ila kiko kama kilomita 20 kutoka patakatifu, watu wengi wanashuka pale na mabegi wanabaki wanashangaa. Panda basi pale Sete Rios, kile kituo cha mabasi hapo Lisbon, ni kama saa moja na nusu hivi umefika, ila tiketi kata mapema sana, ya kurudi ndo muhimu zaidi kwa sababu tarehe 13 mchana watu wote wanaondoka kwa mpigo. Halafu tarehe 13 Mei sio sikukuu ya kitaifa hapa Ureno kwahiyo mume wako aombe ruhusa kazini kuanzia sasa.

Usiku wa 12 usiukose, nasema hivi kutoka moyoni. Rozari inaanza saa tatu na nusu usiku pale Capelinha, kile kikanisa kidogo mahali Bikira Maria alipowatokea wale watoto watatu wachungaji, Lucia, Francisco na Jacinta, mwaka 1917, halafu sanamu inatoka imebebwa juu ya maua meupe inapita katikati ya watu, na ule uwanja wote ni mishumaa, kila kikifika kiitikio cha Ave watu wanainua mishumaa juu kwa pamoja. Mwanangu alikuwa mabegani kwangu, nta inadondoka kwenye kile kikombe cha karatasi, akaninong'oneza "baba, nyota zimeshuka chini". Mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

Ila baridi! Mtu anaona Mei anafikiri joto, Fatima iko juu mlimani, usiku mama atahitaji koti na blanketi kabisa. Beba na vistuli vya kukunja. Watoto waandikie namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, na mkubaliane mahali pa kukutania, sisi tulitumia ule msalaba mrefu wa chuma, Cruz Alta, una mita 34, unaonekana popote ulipo. Na wala usihangaike kusogea mbele, ule uwanja umeinama kuelekea basilika kwahiyo hata mkikaa nyuma juu mnaona vizuri.

Kibibi_wa_Braga
Mie ningekushauri mwende Agosti mdogo wangu. Tarehe 12 na 13 Agosti ndo hija ya wahamiaji na wakimbizi, yaani ni sisi hasa, na usiku hakuna baridi ile. Kwenye Agosti 1917 wale watoto walizuiliwa na mkuu wa wilaya wasiende tarehe 13, Mama Maria akawatokea siku chache baadaye, tarehe 19, pale Valinhos, karibu na Fatima. Mie mwaka wangu wa kwanza huku nilikuwa peke yangu sana, hilo lilinifariji mno, kwamba waliozuiliwa njiani hawakusahauliwa.

Anjelina_P
Nyota pole na hongera kwa kuwa na mama kama huyo. Mimi nijibu la magoti tu kwa sababu nimelipitia na mama mkwe wangu.

Ipo njia maalumu imesakafiwa laini inashuka mpaka Capelinha, wapo wanaovaa vile vya sponji vya kukinga magoti, ndugu wanatembea pembeni wamewashika mkono. Usidanganyike na kuiangalia ukiwa umesimama, ukishapiga magoti ni ndefu. Mama mkwe alifika kama robo tu uso ukabadilika, na hakutaka kusimama kwa sababu ya nadhiri, anasema nimemwahidi Mungu nitamwambia nini. Nililia pale pale.

Baadaye padri akatueleza kitu ambacho natamani ningekijua kabla. Nadhiri yake ni ya binafsi, na Sheria ya Kanisa kanuni ya 1196 inampa paroko uwezo wa kumwondolea mtu nadhiri ya namna hiyo kama kuna sababu ya haki, na 1197 inasema aliyeiweka mwenyewe anaweza kuibadilisha kwa jambo jema lililo sawa nayo au zaidi. Kwahiyo mama si mkosefu akitembea, ila naomba sana usimwambie wewe mwanae, atakuona unamtetea tu. Aambiwe na padri wake, kwa kiswahili, akiwa amekaa. Na kwa ajili ya yale magoti uliza pale Posto de Socorros, kituo cha huduma ya kwanza, habari za baraka ya wagonjwa, baada ya Misa ya tarehe 13 wanabarikiwa kwa Ekaristi Takatifu.

Na abebe leso nyeupe. Mwisho kabisa sanamu ikirudi Capelinha watu wote wanapunga leso kumuaga Mama, ni weupe mtupu, hakuna anayeongea.

NyotaYaAsubuhi
Jamani asanteni, nimesoma nikiwa kwenye basi la kazini machozi yananitoka. Dada Kibibi Agosti ingefaa sana ila siku zake 90 za visa zinaisha Julai, basi tutaenda Mei.

Anjelina nilimpigia mama jana. Sikumwambia kanuni, nilimwomba tu aonane na paroko kabla hajapanda ndege. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, nitaenda, ila hata akiniruhusu kutembea nataka yule mtoto ndo anishike mkono. Nimeshamwambia mwanangu. Anauliza ni mkono wa kulia au wa kushoto.