Mama ana bakteria kwenye mkojo lakini haumwi: ameze dozi ya tatu?

Mleta mada: Wanajukwaa, salamu. Mama yangu ana miaka 71 na ana kisukari. Kliniki walimpima mkojo wakaona chembe nyeupe za damu, na ulipooteshwa (kuwekwa maabara ili bakteria wakue wahesabiwe) ukatoa bakteria aina ya E. coli zaidi ya 100,000 kwa mililita. Hana homa, haumwi kiuno, wala mkojo haumchomi. Amekwishamaliza dozi mbili za antibayotiki. Ya pili ilimharisha siku nne, na kipimo cha juzi kimerudi vilevile. Ameandikiwa ya tatu, bado haijafunguliwa. Naombeni ushauri.

Mwanamaabara: Ndugu, mkojo huo ulikingwaje? Unaotakiwa ni wa katikati: wa mwanzo unaachwa upite, ndipo unakinga kwenye kikopo safi, nao ufike maabara mapema, kwani ukikaa saa kadhaa kwenye joto bakteria wachache huzaliana wakaonekana jeshi zima. Tena, kwa mwanamke asiye na dalili, huhitajika sampuli mbili zinazofuatana zenye bakteria wa aina moja.

Daktari: Hata zikithibitisha, mimi nisingemtibu. Bakteria wanaweza kukaa kibofuni bila kumdhuru mtu, na kisukari peke yake, au chembe nyeupe, si sababu ya kumpa dawa. Mnawafukuza, wanarudi, na wanaobaki huwa sugu, ili siku atakapoumwa kweli dawa zigome. Asiye na dalili tunamtibu akiwa mjamzito, au akiwa anakaribia upasuaji wa njia ya mkojo unaoweza kuchubua utando wake. Muulizeni aliyeandika dozi hiyo inatibu dalili gani. Akipata homa, kutetemeka, maumivu ya mbavuni au mkojo kumchoma, hapo mrudisheni haraka.

Mama kijacho: Wajawazito wenzangu msije mkatupa dawa kwa kusoma hapa! Mimi nilikutwa nao hudhurio la kwanza, sikuumwa popote. Nikameza siku saba na kupimwa tena, kwa kuwa katika ujauzito wanaweza kupanda hadi kwenye figo.

Mleta mada: Asanteni. Daktari, mkojo wake unanuka kidogo asubuhi, je, hiyo si dalili?

Daktari: Harufu peke yake, hapana, wala mkojo kutokuwa angavu. Na akiwa mzima, msiupeleke tena kuoteshwa.

Mleta mada: Nimerudi. Aliyeandika dawa amekubali tuiache. Mama amefurahi, ila ameuliza vile vikopo viwili vya kukingia mkojo vilivyobaki atavifanyia nini.